Breki ya Kipara

Kabambare, 6 Machi 2023

Shangazi yangu mpendwa Emilienne,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa tumbo, ambalo unalijua. Natumaini goti lako limepoa na kwamba Fundi Pierre, jirani yako, ameacha kupiga nyundo alfajiri. Elsa hajambo. Bado anafundisha darasa la nne, watoto wamejaa hadi dirishani, na sauti yake haijapasuka. Anakusalimia. Tangu baba na mama watutoke, wewe ndiye mzazi tuliyebaki naye, kwa hiyo jambo hili nakuletea wewe kwanza kabla halijawa kubwa. Kwa kweli limeshakuwa kubwa kidogo.

Unajua kwamba mimi ni karani katika depo ya Patroni Aristote, yule mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, na kwamba chumba tunachokaa mimi na Elsa kimo ndani ya kiwanja cha depo yake. Ni mtu mwema. Akikohoa mimi husimama, lakini hilo ni kosa langu, si lake. Sasa Patroni anataka kuoa. Binti aliyemchumbia amemwambia kwamba siku ya arusi hatatoka mlangoni isipokuwa ndani ya gari la Kiamerika lisilo na paa, kama wanavyotoka mabibi arusi wa upande fulani wa Kasongo. Patroni akaniita. Akasema, "Karani, wewe ni wa Kasongo. Gari kama hilo liko?" Nilikusudia kusema sijui. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kwetu iko moja."

Anataka kulinunua. Arusi itakuwa Salamabila, Jumamosi ya tarehe 12 Agosti. Ameongeza, kwa upole kabisa, kwamba karani anayeahidi gari na gari lisije huyo si karani, na kwamba chumba chetu kingefaa sana kuwekea sukari.

Tafadhali niambie bei. Ningepiga simu, lakini namba yako haipatikani tangu Krismasi.

Mtoto wa kaka yako, kwa heshima na wasiwasi,
Christophe


Kasongo, 26 Machi 2023

Mutoto wangu Christophe,

Mimi niko muzima, goti liko pale pale, na Fundi Pierre bado anapiga nyundo. Simu yangu iliangukia ndani ya kinu nikitwanga majani ya muhogo ya sombe, na nilipoitambua nilikuwa nimeshaitwanga. Sombe ilikuwa tamu hata hivyo. Sinunui nyingine. Kwenye simu unaniambia mtandao unakatika. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Asani wa pikipiki ndiye atakayetubebea. Najua kwamba Asani anakula kwa patroni wako na kwamba njiani anafungua bahasha kwa mvuke wa chai. Asani, ukifika hapa, rudisha beseni langu.

Sasa gari. Unakumbuka Kipara ni nini, au diploma imekusahaulisha? Koko yako Théophile, baba yangu, alikuwa shofa, anaendesha gari la Mgriki mwenye duka la vitambaa. Mwaka wa uhuru Mgriki alipokimbia, alimwachia ufunguo akamwambia, "Nishikie mpaka nirudi." Koko akashika. Paa la turubai likaliwa na panya, ndipo kartie nzima, mtaa wote huu, ikaliita gari Kipara. Injini ilikufa kabla baba yako hajaoa. Tangu hapo kila binti wa ukoo wetu, na kila anayeolewa kwetu, anakwenda kanisani ameketi kwenye usukani, peke yake, na bwana arusi anasukuma kutoka nyuma, peke yake. Binti ana breki chini ya mguu. Akitoa mguu, gari linakwenda, na watu wote wameona kwamba amekubali. Asipotoa, tunarudi nyumbani kula wali bila arusi. Mama yako alimkanyagia baba yako breki mbele ya soko zima mpaka akaomba msamaha kwa jambo ambalo hatulijui hata leo. Mimi nilitoa mguu mapema mno. Marehemu Jean-Paul wangu alisukuma vizuri sana. Ndilo jambo la mwisho alilolifanya vizuri.

Leo Kipara iko uani. Kiti cha nyuma ni cha kuku, na mmoja analalia mayai ndani ya buti. Kwa hiyo siuzi hivi hivi. Lakini wewe usimwambie patroni hivyo, maana utazimia kabla ya kumaliza. Mwambie nataka pikipiki mpya ambayo haijakaliwa na matako ya mutu, pamoja na banda la mabati kwa ajili ya kuku. Nimeitaja bei hiyo mbele ya majirani, na wote wamecheka. Naye atacheka, atatafuta punda wa kumbeba bibi arusi.

Bibi arusi ni nani? Hapo Kabambare ni mabinti wangapi wanaoijua desturi ya nyumba yetu?

Shangazi yako,
Emilienne


Kabambare, 9 Aprili 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Pole kwa simu na pole kwa kinu. Hapa mvua inanyesha kila siku, chumvi ya depo imelowa, na Patroni anasema ni kwa jinsi nilivyoipanga. Elsa hajambo.

Nina habari njema. Patroni amekubali yote mawili. Alicheka, kama ulivyosema, lakini baada ya kucheka aliita watu na kuwaamuru wapakie mabati yaliyo hapa hapa depo. Pikipiki itatoka Salamabila, ikiwa bado na nailoni kwenye kiti. Nilidhani utafurahi. Kama hufurahi, naomba radhi.

Umeuliza juu ya bibi arusi. Ni binti wa familia nzuri, ya watu wa kanisa, yenye gari.

Habari ya kusukuma na ya breki sijamwambia Patroni. Nafasi haikupatikana. Kila asubuhi akipita mbele ya meza yangu anasema neno moja tu, "Gari?" nami najibu, "Iko njiani, Patroni." Sipendi kusema uongo, Shangazi. Tafadhali liweke njiani.

Christophe


Kasongo, 30 Aprili 2023

Mutoto wangu,

Huku wote wazima, isipokuwa katekista wetu, aliyeanguka kwenye ngazi akionyesha namna ya kupanda ngazi.

Familia nzuri, yenye gari. Hata Asani amecheka wakati ananipa barua, kwa hiyo najua ameisoma. Christophe, binti huyo ni Elsa. Aliniandikia yeye mwenyewe kabla wewe hujanunua kalamu. Wewe ni kaka yake, unalala chumba kimoja naye na pazia katikati, na huwezi kuandika jina lake. Niambie imekuwaje. Na niambie kama umemuuliza anataka nini.

Kuhusu gari. Kwanza, mvua: barabara yote ni supu. Pili, matairi: Kipara haina hata moja, Koko aliyakata yakawa viatu, na viatu hivyo vilidumu kuliko yeye. Tatu, Mgriki alisema tumshikie mpaka arudi. Akirudi kesho nitamwambia nini? Kwamba gari lake linaozesha watu Salamabila?

Kuna mambo mengine siwezi kuyaandika katika barua inayopitia kwenye chai ya Asani. Fikiri. Tulikusomesha ili ufikiri. Asani, beseni.

Emilienne


Kabambare, 21 Mei 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Natumaini katekista ameshapanda ngazi nyingine. Mimi tumbo limetulia wiki hii, nitakueleza kwa nini.

Ni kweli, ni Elsa. Sikuficha, nilichelewa kutaja. Ilikuwa hivi. Patroni alikuwa anapima sukari, akaniuliza bila kugeuka, "Karani, dada yako amechumbiwa?" Mimi nikasema, "Tutaona, Patroni." Nilikusudia hapana. Yeye akageuka akanishika mkono kwa mikono miwili. Baada ya kushikwa mikono miwili sikuona njia ya kurudi. Nilipomweleza Elsa, alikwenda mwenyewe kwa Patroni na kumwambia kwa adabu kwamba ataolewa akitoka ndani ya Kipara, si vinginevyo. Alitabasamu. Sikumuuliza zaidi. Mtu aliyekwisha kutaja masharti, kumuuliza kama anataka ni kumdharau.

Kwa hiyo nimeyashughulikia masharti.

Mvua inakwisha mwisho wa mwezi huu. Matairi yamepatikana, si ya gari lile, lakini ni ya duara. Mgriki, kwa hesabu yangu, ana zaidi ya miaka mia na kumi, hata hivyo nimemwandikia maelezo ya heshima kwa Kifaransa, yakae parokiani endapo atapita. Likabaki jambo la barabara. Madaraja ni magogo mawili mawili, gari zima haliwezi kupita. Nilikaa nikafikiri, kama ulivyoniagiza. Shangazi, halina haja ya kupita zima. Fundi Pierre atalifungua vipande vipande, na kila kipande kitapanda pikipiki yake: mlango huku, usukani kule, vile vifuniko vya nyuma vinavyofanana na mapezi ya samaki vimefungwa kwa mpira. Wenye pikipiki wa Salamabila wanabeba majenereta na mashine za kusaga mawe, gari litawashinda nini? Nimemtumia Pierre chaki ya kutia alama kwenye vipande, na mfuko wa sukari.

Patroni aliposikia mpango huu aliniwekea mkono begani. Akasema, "Karani, kumbe wewe ni mtu." Siku hiyo nilikula sahani mbili.

Elsa nilipomweleza alisukuma chakula pembeni. Nadhani ni furaha.

Christophe


Kasongo, 18 Juni 2023

Christophe,

Barua hii anakuletea Mama Apolline muuza samaki, mkononi, ndani ya kitenge chake. Haikupita kwenye chai ya mtu. Isome ukiwa umekaa.

Walikuja Jumanne nikiwa shambani. Niliposikia honi nyingi nikafikiri ni msiba wa mkubwa. Kufika uani nakuta pikipiki zimejaa, Pierre amelala chini ya gari la baba yangu na mdomo umejaa sukari. Mbele kabisa iko pikipiki yangu, na nailoni yake. Bei niliitaja mbele ya majirani na bei imekuja. Majirani wote walikuwa wamesimama pale wananitazama nitasema nini. Nikapokea ufunguo wa pikipiki. Kipara ikatoka uani mwa koko yako kipande kwa kipande. Wa mwisho alibeba kiti cha nyuma, na kuku mmoja juu yake aliyekataa kushuka. Watoto waliimba mpaka mwisho wa barabara. Ilikuwa nzuri, nakubali. Nililia, nikacheka, kisha nikakukasirikia.

Sasa sikia. Elsa alitaja Kipara kwa sababu Kipara haiwezi kuja. Mutu mwenye nyumba unayolala, mwenye kazi ya kaka yako, unamwambiaje hapana? Unamwomba kitu kisichopatikana, kwa tabasamu, na yeye mwenyewe anachoka na kwenda kuoa kwingine bila kukasirika. Ndivyo mabinti wenye akili wanavyokataa. Yeye na mimi tuliandikiana kwa mkono huu huu wa Apolline, tukakubaliana: yeye ataomba, mimi nitachelewesha. Nikataja pikipiki, ukaleta pikipiki. Nikataja Mgriki, ukamwandikia Mgriki. Katika maisha yako yote hujawahi kumaliza jambo kwa wakati, hata ubatizo wako ulichelewa, na hili umelimaliza.

Hakukuambia wewe kwa sababu uso wako unasomeka. Patroni akikuuliza "Nini?" ungemwambia na tarehe.

Dada yako hamtaki mwanamume yule. Kukataa sasa ni kwa mdomo, na mdomo ni wako. Fungua.

Shangazi yako, ambaye bado anakupenda lakini si leo,
Emilienne


Kabambare, 2 Julai 2023

Shangazi,

Salamu. Mama Apolline amefika salama, naye ndiye atakayekuletea hii, na barua yako inanuka samaki mpaka sasa.

Niliisoma nyuma ya depo. Jioni nikamuuliza Elsa, mara ya kwanza. Pazia lilikuwa katikati yetu, nadhani hiyo ilinisaidia. Nikasema, "Unamtaka Patroni?" Akasema, "Kaka, mimi ni mwalimu. Watoto wa miaka tisa wananielewa nikiwatazama tu. Wewe nimekutazama tangu mwezi wa tatu." Kisha akasema, "Usihuzunike. Lakini sitaki." Kisha akazima taa.

Kesho yake nikaenda kwa Patroni. Nilikuwa nimeyaandika maneno katika kiganja. Nikabisha, nikaingia, nikasema, "Patroni." Akasema, "Ndiyo?" Nikasema, "Sabuni imekwisha."

Sabuni haikuwa imekwisha. Ameagiza nyingine. Sasa sabuni imefika darini na siwezi kufungua dirisha.

Vipande vya Kipara vimeshafika Salamabila. Nimefikiria kupoteza skrubu kadhaa. Nimefikiria pia kuugua, na hilo halihitaji bidii. Tafadhali niambie la kufanya, au njoo wewe. Wewe ukiingia mlangoni hata mvua inanyamaza.

Christophe


Kasongo, 16 Julai 2023

Mutoto wangu,

Salamu za huku. Kuku wamelikataa banda la mabati, linawaunguza mchana, kwa hiyo mabati nimeezekea jiko. Wamehamia ndani ya nyumba. Nitakueleza wapi siku nyingine.

Nilicheka habari ya sabuni mpaka goti likauma. Sasa nimemaliza kucheka.

Sikuji. Nikija mimi, nitasema mimi, na wewe utabaki vile ulivyo, na patroni mwingine atakuja na kupima sukari nyingine. Usipoteze skrubu hata moja. Pierre amekwenda Salamabila kuliunga gari. Kabla hajaondoka nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia, "Umekula sukari ya watu, haya. Lakini kitu kimoja ndani ya Kipara lazima kifanye kazi kama siku Mgriki alipolinunua." Akaniuliza, "Injini?" Nikamwambia, "Injini ya nini?" Akaelewa.

Desturi yetu ni moja, Christophe, na imebaki nusu ambayo patroni hajaambiwa. Anayeisema ni baba wa bibi arusi, mlangoni, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika. Baba hayupo. Maneno si mengi, unayajua tangu utoto. Yatoe tu. Mengine yote ni mguu wa Elsa.

Ukishindwa, dada yako atakaa kwenye usukani nyuma yake wamesimama wachimbaji wa kukodishwa, watasukuma, na breki hakuna mtu atakayeiangalia.

Barua hii nayo anakuletea Apolline. Mlipe kwa sabuni.

Emilienne


Kabambare, 14 Agosti 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Nimechukua kalamu, nikaona sina la kuombea radhi, nikaogopa kwamba ninaumwa. Elsa hajambo. Safari hii siandiki hivyo ili kujaza mstari.

Nianze na gari. Wamelipaka rangi ya samawati iliyobaki kwenye geti la Patroni. Taa za nyuma ziko mbele, nafikiri ni chaki yangu iliyofutika njiani. Lakini lilisimama, Shangazi, juu ya matairi yake ya duara, na watu wa Salamabila walikuja kuligusa kama wanagusa ng'ombe. Patroni alivaa suti nyeupe na miwani myeusi. Alipanda juu ya kiti cha nyuma, akasimama wima, mkono hewani. Nyuma walipangwa wachimbaji vijana waliolipwa bia. Elsa akatoka kwa nguo yake nyeupe, akafungua mlango mwenyewe, akaketi kwenye usukani. Hakunitazama. Nadhani alikuwa amechoka kunitazama.

Nikatoka mbele ya gari. Nikasema, "Patroni." Akasema, "Ndiyo?"

Sabuni ilikuwa hapa kwenye ulimi. Niliimeza.

Nikasema, "Patroni, kwetu mwenye kuoa anasukuma."

"Nimeweka watu wa kusukuma."

"Anasukuma peke yake. Ndani anakaa bibi arusi peke yake."

"Nani amesema hivyo?"

"Mimi. Baba yake hayupo. Hapa baba yake ni mimi."

Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka, lakini ilitoka. Halafu mama mmoja muuza mandazi akasema kutoka nyuma, "Ashuke basi. Dhahabu yetu anaisukuma mfukoni kila siku, kagari haka ndiko katamshinda?" Watu wakacheka, na kicheko kikapita mpaka kwa wachimbaji. Patroni naye akacheka, maana mkubwa hawezi kubaki peke yake. Akashuka. Akavua koti akanipa nishike, nami nikashika, si unanijua.

Akasukuma. Gari halikwenda. Akabadilisha bega. Viatu vyake vilikuwa vipya, vinateleza kwenye vumbi. "Ongeza, Patroni," wachimbaji wanasema, "ongeza kama unatusukuma sisi." Jasho likatoka kwenye shati lote. Akazunguka mpaka mlangoni kwa Elsa.

"Umekanyaga breki?"

"Ndiyo, Patroni."

"Toa mguu."

"Hapana, Patroni. Mguu huu uko hapa tangu mwezi wa tatu."

Alisema polepole, kwa adabu, kama anavyosema darasani kwa watoto wa nyuma. Patroni akanigeukia mimi. Niliona miwani yake, na mimi niko ndani yake mara mbili, mdogo, na koti mkononi. Akasema, "Karani, mwambie dada yako atoe mguu."

Shangazi, hapo nililihamishia koti mkono wa pili.

Nikasema, "Mguu ni wake."

Pierre alikuwa kando, anafuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na mafuta. Mwisho Patroni akachukua koti lake, akalivaa, akapanda tena juu ya kiti cha nyuma, akawaambia wachimbaji, "Sukumeni." Elsa akatoa mguu, akashuka kabla gari halijasogea, akafunga mlango nyuma yake taratibu usivunjike. Wakamsukuma Patroni peke yake kuzunguka soko, kisha tena, na bibi wa mandazi anapunga kitambaa. Nasema kweli, sijawahi kumwona na furaha kama ile. Jana walimsukuma tena baada ya misa. Labda tangu mwanzo alichotaka ni gari.

Leo asubuhi amekuja Kabambare. Amepita mbele ya meza yangu na hakusema "Gari?" Alisema, "Karani, kesho usije." Nikasimama, kwa mazoea. Mshahara wa mwisho amenilipa kwa sabuni, kwa kuwa, anasema, iko nyingi na mimi ndiye ninayejua ilitokana na nini. Chumba kimeingia sukari. Elsa amehamia kwa mwalimu mwenzake Aimée mpaka shule ifunguliwe, na haogopi kitu. Ameniambia nikusalimie na kwamba breki ilikuwa laini.

Kazi sina. Naomba ruhusa nije nyumbani kwa muda. Nitakuwa na sabuni.

Christophe


Kasongo, 27 Agosti 2023

Mutoto wangu,

Asani ameleta barua yako ikiwa imefungwa. Hakuwa na haja ya kuifungua, alikuwepo. Amenisimulia yote uani, na majirani wakakusanyika, na alipofika kwenye "Mguu ni wake" akasimama juu ya kinu. Anasema sauti yako ilikuwa ya jogoo mdogo, lakini ilisikika mpaka kwenye mashimo. Nilimfanya arudie. Beseni bado hajaleta.

Pale Kipara iliposimama pamebaki alama nne na mafuta kidogo. Nimepanda mchicha.

Njoo. Usiombe ruhusa ya kuja nyumbani, unanitia aibu. Pikipiki iko mlangoni, nailoni nimeikataza kutolewa mpaka ufike. Utajifunza kuiendesha, utaanguka, utaamka. Samaki wa Apolline wanahitaji kufika Kabambare kabla hawajanuka kama barua zangu, na yeye amechoka kumbembeleza Asani.

Lakini kuna jambo moja la kwanza. Tangu Juni kuku wanalala kwenye kitanda chako. Wote. Yule wa buti ameangulia kwenye mto, na hawataki kusikia habari ya kuhama. Mimi sitawaondoa. Utaingia chumbani, utasimama mbele yao, na utawaambia wewe mwenyewe.

Kwa sauti.

Shangazi yako,
Emilienne